Wazee Watatu, Vyombo Vitatu: Tahakiki ya Dansi la Kilosa na Mikumi

Ndugu msomaji, kabla sijaanza nikiri jambo moja. Mimi si mwanamuziki. Gitaa nimelishika siku moja tu maishani, na siku hiyohiyo nikakata uzi. Nilimaliza Kidato cha Nne, matokeo yakaja kama yalivyokuja, nikarudi nyumbani Kilosa kuandika riwaya ambayo mpaka leo haijafika mwisho. Atakayeuliza kijana huyu anahakiki muziki kwa cheti gani, nitamjibu: kwa masikio niliyozaliwa nayo, na kwa yale tuliyofundishwa darasani, kwamba kazi ya sanaa ina fani na ina maudhui, na kwamba mhakiki lazima aseme msanii amefaulu wapi na hakufaulu wapi. Ni njia ya shuleni, najua. Sina nyingine.

Kazi ninayoihakiki ni maonyesho mawili ya wazee watatu. La kwanza lilikuwa Jumamosi, Kilosa mjini, katika baa iliyo jirani na soko. La pili Jumamosi iliyofuata, Mikumi, katika baa ya kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Majina ya wazee sitayataja, nitawaita kwa vyombo vyao: Mzee wa Gitaa, Mzee wa Besi na Mzee wa Dramu. Wote wamevuka miaka 70. Bendi yao haina jina. Kwenye kibao cha baa ya Kilosa paliandikwa kwa chaki "LEO ZILIPENDWA LAIVU", basi.

Neno hilo "zilipendwa" huwa linanikera. Zilipendwa na nani, na nani kaacha? Lakini tuliache kwanza.

WALIKOTOKA

Vijana wenzangu wengi hawajui kwamba mkoa wetu wa Morogoro uliwahi kuwa jiko la muziki wa nchi hii. Salum Abdallah alikuwa hapo na Cuban Marimba yake, mpaka alipokufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe alikuwa hapo na Morogoro Jazz, bendi iliyofika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1970. Baadaye, mwaka 1973, akaunda Super Volcano. Naye gari likamwua, huko Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Mbaraka alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa la solo kwa pamoja, na wapo wanaosema gitaa lake liliimba kuliko waimbaji.

Msomaji ataniuliza: kwa nini bendi hizi ziliitwa "Jazz" na muziki wenyewe ni rumba? Neno hilo lilikuja na mambo ya mjini. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa miaka ya 1930, wakati ambapo santuri za Cuba zilianza kusikika pwani yetu, na "jazz" ikawa na maana ya bendi ya kisasa yenye vyombo vya kizungu. Wamarekani wana jazz yao, na huko watu watatu wa gitaa, besi na dramu ni kundi kamili linaloheshimika. Kwetu sisi watu watatu huonekana kama bendi iliyokimbiwa na wenzao.

Na kusema kweli, hawa wa kwetu ni mabaki. Mzee wa Besi alinieleza kwamba zamani walikuwa kumi na wawili, wenye tarumbeta mbili na saksafoni. Waliajiriwa na chombo kimoja cha umma, kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile. NUTA ilikuwa na bendi, Polisi walikuwa nayo, jeshi vilevile, hata kiwanda cha nguo cha Urafiki. Mwanamuziki alikuwa na mshahara na sare, lakini gitaa lilikuwa la mwajiri. Siku bendi yao ilipovunjwa, vyombo viliingizwa stoo na mlango ukafungwa. "Tuliingia na mikono, tukatoka na mikono," alisema. Gitaa la besi analopiga sasa alilinunua baada ya kulima ufuta misimu miwili.

Jambo hili si la Kilosa peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakongwe wa dansi pale Dar es Salaam, akina Salum Zahoro aliyetokea Kiko Kids ya Tabora, walikusanyika wakaunda Shikamoo Jazz baada ya shirika la kusaidia wazee, HelpAge, kuwapatia vyombo. Walifika hadi Uingereza. Wazee wangu hawa nao wamefika Ulaya, lakini ni Ulaya ile tunayoijua sisi, ya njiani ukitoka Kilosa kwenda Mikumi. Utani huu wameuanzisha wenyewe, mimi naurudia tu.

FANI

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Dansi letu lina muundo wa sehemu mbili. Kwanza huja sehemu ya taratibu, yenye mashairi, ambapo watu hucheza wakisikiliza maneno. Halafu huja chemko. Hapo mashairi hupungua, magitaa yanashika usukani, na aliyekaa anasimama. Katika bendi iliyokamilika magitaa huwa matatu au zaidi. Rizimu inasuka chini, solo inapita juu, na katikati kuna gitaa la pili linaloziba nafasi, na hakuna hata moja linalojitosheleza. Ukilisikia moja peke yake utadhani mpigaji anajifunza.

Hapo ndipo penye mtihani wa watu watatu. Mzee wa Gitaa hana wa kumsukia. Akipiga solo, chini pako wazi. Akisuka rizimu, juu pako wazi. Pale Kilosa nilikaa meza ya mbele nikiwa na daftari, nikingoja nione atafanyaje. Alichofanya ni kuacha pawe wazi. Alipiga sentensi fupi ya solo, akanyamaza, besi ikajibu, kisha yeye akarudi na rizimu kidogo kama mtu anayetia kuni jikoni huku anaongea na mgeni. Mwanzoni nilidhani ni upungufu. Kufikia wimbo wa tatu nikawa nasikia vitu ambavyo kwenye kaseti za bendi kubwa sijawahi kuvisikia, hasa besi.

Nitasimulia kisa kimoja ili nieleweke. Treni ya umeme inapita Kilosa yetu tangu mwaka 2024, lakini umeme wa baa una tabia zake. Mnamo saa nne usiku, katikati ya chemko, ukakatika. Spika zikafa. Mzee wa Dramu hakusimama; dramu haili umeme. Mzee wa Gitaa akachomoa waya, akatoka jukwaani na gitaa lake kavu mpaka katikati ya watu, akaendelea kucharaza. Ulikuwa unasikia nyuzi zinavyolia kama panzi. Watu wakapiga makofi ya kumsaidia, akina mama wa jikoni wakatoka na mishumaa wakiimba kiitikio. Ilikuwa raha, sikatai. Lakini miguu haikuchezeka. Watu walikuwa wanaruka tu palepale, kila mtu na lake. Mwenzangu niliyekaa naye, fundi baiskeli, asiyejua besi ni lipi na solo ni lipi, akanigusa bega: "Hivi, mbona muziki umekuwa mwepesi?"

Mzee wa Besi alikuwa amekaa kwenye kiti chake gizani, vidole vinaendelea kutembea juu ya nyuzi ambazo hakuna aliyezisikia. Umeme uliporudi hakuna aliyeshtuka zaidi ya miguu yetu. Besi iliingia palepale wimbo ulipokuwa, na ukumbi mzima ukashuka chini kwa pamoja, kama gari lililokanyaga barabara baada ya matuta. Yule mzee hakuwa amepotea hata hatua moja.

Tangu usiku ule siwezi kusikiliza dansi kama zamani. Besi ya mzee yule haipigi kila mahali. Anatoa sauti tatu au nne, anaacha pengo, na pengo hilo ndilo mguu unapokanyaga. Mzee wa Dramu naye analijua, halijazi. Ana tasa moja tu lililopasuka ukingoni, na analigusa pale tu wimbo unapogeuka. Wapigaji vijana niliowahi kuwaona wana matasa manne na wanayapiga yote kama wanafukuza ndege shambani.

MAUDHUI

Nyimbo walizopiga Kilosa zilikuwa kumi na moja. Nane zilikuwa kopi za Mbaraka, za Cuban Marimba na za bendi nyingine za zamani. Hizo msomaji anazijua au atazipata. Tatu zilikuwa zao wenyewe, na katika hizo tatu upo mmoja ulionifanya niandike makala hii.

Ni wimbo wa mafuriko. Wa hapa wanakumbuka: mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa 2010, mto Mkondoa ulivunja kingo, ukaingia mjini, ukabeba nyumba, ukang'oa na reli. Maelfu ya watu walihamishiwa kwenye mahema. Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Nililala kwenye hema na bibi yangu, na harufu ya turubai lile naijua mpaka kesho.

Sasa sikiliza. Riwaya ninayoandika inahusu mafuriko hayohayo. Sura yake ya kwanza nimeiandika mara sita. Kila mara naanza na maji, ngurumo, vilio, watu wakiita Mungu. Kila nikiisoma naiona ni ya uongo, ilhali kila kitu kilichomo kilitokea.

Mzee wa Gitaa hakuanza na maji. Mstari wake wa kwanza, kwa maneno yangu na si yake, unamhusu mama anayetafuta sufuria. Anauliza kwa jirani mmoja, anauliza kwa wa pili. Sufuria yenyewe ilikuwa ya kuazima, na mwenyewe anaitaka. Sehemu nzima ya taratibu ni hiyo tu, mama na sufuria ya watu. Mafuriko hayatajwi. Ila besi inapanda kidogokidogo, ubeti kwa ubeti, sauti moja juu ya ile ya mwanzo, na mtu wa Kilosa anajua ni kitu gani kinachopanda. Chemko linapofika, ambapo ungetegemea furaha, dramu inakata kabisa. Gitaa linabaki na sentensi moja ya solo, ileile, mara nyingi. Halafu mzee anaimba kwamba sufuria imeonekana, ipo juu ya mti. Dramu inaingia, watu wanacheza.

Watu walicheza, ndiyo. Lakini niliwaona wazee wawili wa kona ile wamekaa na glasi zao, hawanywi.

Ukinitaka nitaje dhamira kama shuleni, nitasema ni umaskini, ujirani na heshima ya mtu kwa cha mwenzake. Lakini dhamira hizo hata hotuba inaweza kuzitaja. Mzee alichokuwa nacho ni sufuria, na mimi katika sura sita sikuwa nayo. Bibi yangu naye alipoteza vitu, alivitafuta, nilimsindikiza. Kwa nini sikuandika hilo? Nilidhani jambo kubwa linataka maneno makubwa.

WAPO MIKUMI

Wiki iliyofuata nikapanda gari dogo kuwafuata Mikumi. Mikumi ni mji wa barabara. Malori ya Zambia, Malawi na Kongo yanalala hapo, na watalii wanaotoka kwenye hifadhi, iliyopo tangu mwaka 1964, hupita kula. Baa ilikuwa safi, yenye amplifaya nzuri na spika zisizokoroma. Nikajisemea, leo ndipo nitawasikia vizuri.

Niliwasikia vizuri, na ndiyo maana nilisononeka. Mwenye baa alikwishawaambia wapige taratibu, wageni wanakula. Wakapiga taratibu. Wageni wakaomba "Malaika", wakapewa. Meza nyingine ikaomba tena, ikapewa. Baada ya saa tatu wakapigiwa "Shida" ya Mbaraka, na Mzee wa Gitaa akalipiga lile solo kama lilivyo kwenye santuri, sauti kwa sauti, bila kuongeza wala kupunguza. Ukumbi ukalipuka. Dereva mmoja wa lori alisimama akambandika noti kwenye paji la uso. Ni kazi ngumu aliyoifanya, vidole vya miaka zaidi ya 70 kukimbia vile, nami nilipiga makofi. Lakini tulikuwa tunapiga makofi kwa kumbukumbu. Yale mapengo ya Kilosa hayakuwepo, maana wimbo uliotengenezewa magitaa manne ukiupiga kwa moja bila kuubadili, gitaa hilo hukimbia huku na huku kama mhudumu aliyeachiwa meza zote. Wimbo wa sufuria haukupigwa.

Walipopumzika niliwaendea. "Shikamooni wazee." "Marahaba, mjukuu." Nikauliza kwa adabu mbona Kilosa walipiga vile na hapa wamepiga hivi. Mzee wa Besi akacheka. Mzee wa Gitaa akafuta nyuzi zake kwa leso, akasema: "Mjukuu wangu, Kilosa walitupa kuku. Hapa wametupa nauli na sabuni ya mwezi. Wewe unataka tupige ipi?"

Sikuwa na jibu. Hata sasa ninapoandika sina jibu zuri.

KUFAULU NA KUTOFAULU

Wamefaulu kuonyesha kwamba watu watatu wanatosha, ikiwa kila mmoja anakubali kunyamaza. Wamefaulu kutunga. Wamefaulu pia katika jambo ambalo wahakiki hulidharau: wanafika kwa wakati na wanamaliza walichoahidi.

Hawakufaulu katika mambo haya. Kwanza, nyimbo za Kilosa zilikuwa ndefu kupita kiasi. Mmoja ulizidi dakika ishirini, na dakika saba za mwisho hazikuwa na jipya. Pili, Mzee wa Gitaa hawezi tena sauti za juu, na badala ya kushusha ufunguo anazilazimisha. Tatu, Mzee wa Dramu akiona watu wamechangamka anakimbia, na besi inabaki kumvuta nyuma kama mtu anayemkokota ng'ombe. Nne, na hili ndilo kubwa kwangu, hawana kijana hata mmoja wanayemfundisha. Wanasema vijana hawaji. Mimi nasema, na naomba wanisamehe, wazee nao hawaiti.

Mwenzangu mmoja wa kikundi chetu cha waandishi aliposoma rasimu hii alisema ninawaonea wazee, eti heshima inataka tusifu tu. Hapa ndipo tunapotofautiana. Aliyezoea kusifiwa kwa sababu ya mvi zake hujua kwamba hasikilizwi. Mzee wa Dramu nilimwambia usoni kwamba anakimbia. Alinitazama, akasema, "Tangu mwaka 1976 ni wewe wa pili kuniambia." Wa kwanza alikuwa ameketi pembeni yake, kashika besi.

HITIMISHO

Nilimwomba Mzee wa Gitaa nirekodi wimbo wa sufuria kwenye simu yangu. Alikataa. Zamani, alisema, walirekodi nyimbo redioni, wakalipwa mara moja, na baadaye wakawa wanajisikia wenyewe wakiimba kwenye mabasi na kwenye maduka ya kaseti, na hawana senti. Nikamweleza kuwa kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, ipo na COSOTA, anaweza kusajili kazi yake. Akasema, "Sheria hiyo nimeisikia. Umri wangu nao nimeusikia." Kisha akaniambia niende naye taratibu, tutaona.

Kwa hiyo wimbo huo, ndugu msomaji, huwezi kuusikia popote isipokuwa wazee hao wakiwa watatu, umeme ukiwepo, na mwenye baa asipowaambia wageni wanakula. Mimi nimeahidi kumsindikiza ofisini siku atakayokubali, fomu nitamjazia mwenyewe. Wewe uliye Kilosa, Kimamba, Mikumi au hata Morogoro mjini, ukiona kibao cha chaki kimeandikwa "Zilipendwa Laivu", ingia. Ukiwatuza, usiombe "Malaika". Omba wimbo wao. Ikiwa hujui jina lake, sema tu ule wa sufuria, na uwatuze kabla hawajaanza, ili yale mambo ya kuku na nauli yasiwe shida yao peke yao.

Nimeanza upya sura ya kwanza, hii ikiwa mara ya saba. Inaanza na bibi akiuliza nani kaliona beseni lake.